Siha ya Nyumba Yetu: Maumivu ya Mguu Yaanzayo Mgongoni



Mwanzoni mwa mwaka huu tulimkosa mtu katika safu ya mbele ya msikiti wetu. Ni fundi wa kushona nguo, mtu wa makamo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa haikosi sala ya Alfajiri ila kwa safari. Wiki ya kwanza tulidhani amesafiri; wiki ya pili tukauliza; wiki ya tatu tukaenda kumzuru. Tulimkuta amelala chali juu ya godoro, na siku hiyo ilikuwa ya 23 tangu alale. Alikuwa ameinua cherehani yake kuihamisha upande wa pili wa duka, akasikia kitu kimekatika kiunoni. Kesho yake maumivu yalishuka takoni, yakapita nyuma ya paja na shavu la mguu mpaka ubavuni mwa wayo, yakichoma kama moto. Akikohoa huzidi; akipiga chafya hulia.

Nyumba ilikuwa imejaa ushauri. Mmoja alimwambia asiinuke hata kidogo mpaka mfupa urudi mahali pake. Wa pili alimleta mtu akamchoma shavu la mguu kwa chuma cha moto, na siku ile kidonda kilikuwa hakijapona. Wa tatu alisema ni jini. Wa nne alimtisha kuwa akienda hospitali atapasuliwa mgongo na hatatembea tena maishani. Wote hao walikuwa wakimpenda, wala hapana hata mmoja aliyemtakia shari. Lakini mapenzi yasiyo na ujuzi huweza kumdhuru apendwaye. Duka lilikuwa limefungwa, na binti yake mkubwa alikuwa ameacha kwenda shule ili amsaidie mama yake kumgeuza na kumhudumia baba. Tuliporejea tuliona yafaa ukurasa wetu wa mwezi huu uwe juu ya maradhi haya, kwani nyumba kama ile ni nyingi, nasi twapenda zipungue.

NI MARADHI GANI?

Maradhi haya si mapya. Matabibu wa Kiarabu wa zamani waliyaita irqun-nasaa. Wafasiri wengi wa Qur'ani, waielezapo aya ya 93 ya Sura Aal Imran juu ya chakula alichojizuilia Israili, yaani Nabii Yaakub (a.s.), hutaja kuwa alikuwa ameshikwa na maradhi haya haya. Ibn Sina naye aliyaeleza katika kitabu chake Al-Qanun, yapata miaka 1000 iliyopita. Lakini kwa muda mrefu watu waliyachanganya na ugonjwa wa nyonga, mpaka mwaka 1764, tabibu Domenico Cotugno wa mji wa Naples alipoandika kitabu akayatenga maumivu ya nyonga mbali na maumivu ya mshipa. Kisha mwaka 1934 matabibu wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, wakaidhihirisha sababu iliyo kubwa kuliko zote. Nayo ni hii tutakayoieleza.

Mwilini mna mishipa ya damu, na mna mishipa ya fahamu, ambayo ndiyo ipelekayo amri ya kwenda na kurudisha khabari ya baridi, joto na maumivu. Mshipa wa fahamu wa mguu ndio mnene kuliko yote mwilini. Unene wake wakaribia wa kidole gumba. Mizizi yake hutoka baina ya pingili za chini za uti wa mgongo, ikaungana, ikapita takoni, ikashuka nyuma ya paja, na karibu na goti ikagawanyika kwenda mpaka vidoleni. Basi baina ya pingili na pingili mna kisahani cha gegedu, kigumu kwa nje na laini kwa ndani, kazi yake ni kupokea uzito na kuuwezesha mgongo kupinda. Ukingo wa kisahani ukipasuka, ile sehemu laini hutokeza nje ikaugusa mzizi wa mshipa, na mzizi ukawaka na kuvimba. Mara nyingi jambo hili hutokea katika visahani viwili vya chini kabisa.

Ndiyo maana mguu huuma hali mguu wenyewe hauna ila. Mfereji ukizibwa kwenye chanzo, shamba la mwisho ndilo linyaukalo; na asiyejua hushughulika na shamba akauacha mfereji. Yule aliyemchoma ndugu yetu shavu la mguu alikuwa akilitibu shamba.

Ama kwa wazee, mara nyingi sababu huwa nyingine: ile njia ipitamo mishipa ndani ya uti wa mgongo hupungua upana kwa wingi wa miaka. Mzee wa namna hii huumia asimamapo na atembeapo, na hupata nafuu aketipo au ainamapo. Twaomba msomaji aikumbuke tofauti hii, kwani zoezi limfaalo kijana mwenye kisahani kilichopasuka laweza kumzidishia mzee mwenye njia nyembamba.

KITANDA SI TIBA

Khabari ya kwanza tuliyompa fundi wetu ilikuwa njema: wengi wa wenye maradhi haya hupona bila ya kisu. Mwili wenyewe hukishambulia kile kipande kilichotokeza, ukakipunguza kidogo kidogo, na ule uvimbe wa mshipa ukatulia. Kazi hiyo yataka wiki nyingi, si siku mbili tatu, na hapo ndipo subira itakiwapo.

Lakini subira si kulala. Huko Uholanzi, mwaka 1999, ilitangazwa khabari ya uchunguzi wa wagonjwa 183 wa maradhi haya. Nusu yao waliamriwa walale kitandani wiki mbili. Nusu wakaambiwa waendelee na shughuli zao kadiri wawezavyo. Baada ya wiki 12, katika kila wagonjwa 100 wa kundi hili na wa kundi lile, 87 walisema wamepata nafuu. Basi kitanda hakikuwaongezea kitu. Na sisi twajua kipunguzacho: hupunguza nguvu za misuli, hufunga tumbo, huzidisha huzuni, na huiondoa riziki ya nyumba. Mwenye maumivu makali apumzike siku moja au mbili, kisha ainuke, ajapokuwa kwa kwenda mpaka mlangoni na kurudi.

Ama upasuaji, una mahali pake. Mwaka 2007, huko huko Uholanzi, wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa sana kwa wiki 6 mpaka 12 waligawanywa: kundi moja wapasuliwe mapema, na jingine wangoje kwa matibabu ya kawaida, wakapasuliwe tu ikiwa lazima. Waliopasuliwa mapema walipata raha ya mguu upesi zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa sawa: 95 katika kila 100 walikuwa wamepona. Na katika wale wa kungoja, 39 kwa 100 walikuwa wamekwisha kupasuliwa, kwa kuwa maumivu yalikataa kutulia. Basi hapana haja ya kukiogopa kisu kama mauti, wala ya kukikimbilia kama ndiyo njia pekee.

TIBA YA VIUNGO

Baina ya kitanda na kisu iko njia ya tatu, ambayo wengi wetu hawaijui: tiba ya viungo, iitwayo pia fiziotherapia. Si ukandaji wa mtaani, wala si kuvutwa mguu mpaka ulie. Ni elimu isomwayo kwa miaka. Tanzania yafundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, na Kenya yafundishwa katika vyuo vya utabibu. Mtaalamu wake huanza kwa kuuliza na kutazama. Humlaza mgonjwa chali akauinua mguu wake ulionyooka, aone maumivu yaanza wapi. Humgonga kwa nyundo ndogo gotini na nyuma ya kisigino. Humwambia atembee kwa vidole, kisha kwa visigino, apate kujua mzizi upi umebanwa na nguvu zimepungua kiasi gani. Baada ya hayo ndipo humchagulia mazoezi.

Katika khabari za elimu hii moja hutupendeza. Mwaka 1956, katika mji wa Wellington, New Zealand, mtaalamu aitwaye Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa ambaye maumivu yake yalitoka mgongoni mpaka gotini, na kwa wiki tatu alikuwa hapati nafuu. Siku moja mgonjwa aliambiwa aingie chumbani alale kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimeachwa na upande mmoja umeinuliwa juu, naye akalala vivyo hivyo, mgongo umepinda kinyumenyume. McKenzie alipoingia alishituka, akidhani mgonjwa atadhurika. Mgonjwa akamjibu kuwa maumivu ya mguu yametoka, yamebaki mgongoni tu. Kutokana na tukio hilo McKenzie alifanya uchunguzi wa miaka mingi, akapata kanuni ambayo hata mtoto aweza kuifahamu: maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kama kiuno chauma zaidi, hiyo ni dalili njema; na yakishuka kutoka kiunoni kwenda wayoni, zoezi hilo liachwe.

Haya ndiyo mazoezi ambayo wataalamu huyatumia sana. Twayataja ili msomaji ayafahamu atakapofundishwa, si ili ajitibu kabla ya kutazamwa.

La kwanza ni kutembea. Dakika tano mpaka kumi, mara kadha kwa siku, mahali palipo sawa, na kuongeza kidogo kila siku chache.

La pili ni lile la kifudifudi, limfaalo mara nyingi mwenye kisahani kilichotokeza. Mgonjwa hulala kifudifudi dakika mbili au tatu. Kisha huinuka juu ya viwiko. Kisha, akiweza, husukuma kwa viganja na kuinua kifua hali kiuno chakaa chini. Hufanya mara kumi polepole, na kurudia kila baada ya saa chache, akiifuata ile kanuni ya McKenzie.

La tatu ni kinyume chake, nalo huwafaa wale wazee wa njia nyembamba: kulala chali na kuvuta magoti kifuani, moja moja au yote mawili, kisha kuyarudisha.

La nne ni la kuuchezesha mshipa ili usigande mahali pamoja. Mgonjwa huketi kitini. Hunyoosha goti polepole huku akitazama juu, kisha hulikunja huku akitazama chini. Mara kumi, bila ya kuvuta kwa nguvu na bila ya kukaa hapo. Mshipa uliokasirika haupendi kuvutwa.

La tano, maumivu yakishapungua, ni la kurudisha nguvu: kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua makalio juu, kisha kuyashusha taratibu.

Je, tiba hii yafaa kweli? Hatupendi kumwahidi msomaji muujiza. Mwaka 2021 ilitolewa khabari ya uchunguzi wa wagonjwa 220 huko Utah, Marekani. Waliopelekwa mapema kwa mtaalamu wa viungo waliweza shughuli zao vizuri zaidi kuliko walioachwa hivi hivi, lakini tofauti haikuwa kubwa mno. Basi ni msaada wa kweli, wenye kiasi chake, na gharama yake ni ndogo. Nao wamfundisha mtu kitu atakachobaki nacho maisha yake yote.

PICHA NA VIDONGE

Watu wengi huuza mbuzi na kukopa ili wapate picha ya mgongo, wakidhani picha ndiyo hukumu. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya chunguzi 33 za picha za watu 3110 wasiokuwa na maumivu yoyote. Wakaona kuwa katika vijana wa miaka 20, watu 30 kwa 100 walikuwa na kisahani kilichovimba. Na katika wazee wa miaka 80, watu 84 kwa 100. Wote hao hawaumwi kitu! Picha hutakiwa pale ambapo pana dalili za hatari, au upasuaji unapofikiriwa. Kwa wengine yaweza kungoja.

Na katika vidonge, iko dawa iitwayo pregabalini ambayo wengi huandikiwa kwa maradhi haya. Uchunguzi wa wagonjwa 209 uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 2017 haukuona kuwa yashinda kidonge kitupu. Hatusemi mtu aiache ghafla, kwani kuiacha ghafla kuna madhara. Twasema amwulize tabibu wake.

DALILI AMBAZO HAYA ISIZIFICHE

Sasa twamwomba msomaji asome kwa makini, kwani sehemu hii yaweza kumwokoa mtu.

Mara chache kisahani hutokeza kikabana kwa pamoja mishipa yote ya chini ya uti wa mgongo. Dalili zake ni hizi: ganzi katika sehemu za siri na pande zake, yaani pale mtu agusapo tandiko apandapo punda, mkojo kukataa kutoka, au kutoka bila ya mtu kujua, choo kumtoka bila ya hiari, na miguu yote miwili kulegea. Mwenye dalili mojawapo katika hizi apelekwe hospitali siku ile ile, ijapokuwa usiku. Asingoje Jumatatu, wala asingoje dawa iliyoagizwa. Upasuaji ukicheleweshwa, huenda mkojo usirudi katika hali yake maisha yote.

Kadhalika asikawie mwenye wayo uliolegea akawa hawezi kuuinua. Au mwenye homa, kukonda na maumivu ya mgongo yasiyotulia usiku, kwani kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo, na saratani vile vile. Au aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au ya paa.

Tumesema haya isizifiche, na sababu ni hii. Katika nyumba zetu mama aweza kukaa siku tatu hasikii sehemu zake, akaona aibu kumwambia hata mumewe. Baba aweza kulowana, akasema amemwaga maji. Haya ni katika imani, na sisi hatuiondoi. Lakini haya haikuwekwa ili imwangamize mtu. Wakati wa Mtume (s.a.w.) wanawake walikuwa wakiuliza mambo yao ya siri, na haya haikuwazuia kuijua dini yao; basi isituzuie kuiokoa miili yetu. Mume amwulize mkewe waziwazi, na mke mumewe, na watoto wakubwa wazazi wao. Mwanamke akimtaka mtaalamu mwanamke, amwombe. Na asipopatikana, aende na mtu wake wa nyumbani, lakini aende.

JUU YA SALA

Fundi wetu alituuliza swali lililomwumiza kuliko mguu: atasali vipi? Alikuwa ameziacha sala kadha kwa kudhani kuwa sala isiyokuwa na sijida ya ardhini haisihi. Tulimkumbusha khabari ya Imran bin Husayn, ambaye alikuwa mgonjwa akamwuliza Mtume (s.a.w.), naye akamfundisha asali kwa kusimama, na asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Mlango umekwisha kufunguliwa tangu zamani. Asiyeweza kuinama na aashirie kwa kichwa.

Na katika elimu ya mwili pana jambo linaloafikiana na rukhsa hii. Visahani vya mgongo hunywa maji usiku mtu alalapo, vikajaa. Kwa hiyo mara tu baada ya kuamka, kuinama sana huvielemea kuliko wakati mwingine wowote. Basi mgonjwa wa maradhi haya asione haya kutumia kiti wakati wa Alfajiri, hata kama Adhuhuri aweza kusujudu. Na sisi tulio wazima tusimkodolee macho aliyeketi kitini msikitini. Hatujui usiku wake ulikuwaje.

KWA VIJANA

Ninyi mlio na nguvu, msizitupe. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Afadhali safari mbili za nusu ndoo kuliko moja ya kuvunja kiuno. Mzigo ukaribishwe kifuani, magoti yakunjwe, na mtu asigeuke upande hali ameubeba. Dereva asimame kila baada ya muda ashuke, atembee. Wala asikalie pochi iliyotuna katika mfuko wa nyuma. Mwenye kushona au kuandika ainuke kila nusu saa. Na mama zetu waletewe maji na wana wao. Hilo ni zoezi kwa mwana na raha kwa mama.

Ama fundi wetu, alipelekwa kwa mtaalamu wa viungo wiki ile ile. Siku ya kwanza alilia. Wiki ya pili alitembea mpaka uani. Wiki ya sita alifungua duka nusu siku, na binti yake alikuwa amekwisha kurudi shule. Kidole chake kidogo cha mguu kingali na ganzi mpaka leo, na alama ya chuma haitafutika. Baada ya wiki kumi tulimwona msikitini, nyuma, juu ya kiti. Imamu aligeuka kuziangalia safu, akamwona, akatabasamu, kisha akakabili kibla.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Wassalaam.